Vidole Visivyosikia

Kila karakana ina mtu wake wa kujivunia, na ile ya kutengeneza unga wa kulainishia kuta ilikuwa na Mzee Ute. Jina hilo alibandikwa na wenzake, wala hakulichukia. Ute ndio uliokuwa kazi yake. Ukishachanganya saruji nyeupe na unga wa chaki, bado hujafanya kitu mpaka utie ule unga mwingine unaotokana na miti na pamba, ambao ukilowa huteleza kama ute wa yai. Huo ndio unaoyashika maji yasikimbie. Bila huo, fundi hajamaliza kuvuta mwiko ukutani, kazi imeshakauka, na baada ya muda inapukutika yenyewe. Kinachotiwa ni kidogo tu, lakini ole wako ukikisahau.

Sasa shida ni kwamba chaki nyeupe, ute mweupe, na ndoo zao zilikuwa za aina moja. Mwenye karakana aliwahi kusema zipakwe rangi ili zitofautiane. Mzee Ute alinuna siku nzima. Yeye wa kuwekewa alama kama mtoto wa chekechea! Alilowesha vidole, akachovya, akasugua kidole gumba na cha shahada, akasema, "Huu," na mashine ikawashwa. Ndoo zikaachwa vilevile.

Aliyemletea ndoo kutoka stoo ni mpwa wake, binti wa dada yake, na kazi hiyo alimtafutia yeye mwenyewe. Wenzake walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Asubuhi alianza kusimulia langoni, jioni mkichukua njia ya kwenda nyumbani bado hajafika kwenye kisa chenyewe.

Ganzi ilianza kwenye ncha za vidole vya Mzee Ute, ikapanda taratibu. Kwanza alisema ni baridi ya maji, halafu akasema ni uzee. Dada yake, ambaye aliishi naye nyumba moja, alimsihi aende hospitali mpaka akachoka, akabaki kumtania kwamba kaka yake hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Utani huo ukafika hadi karakana: Mzee Ute hasikii. Siku moja nyumbani aliepua sufuria ya maji yanayochemka kwa mikono mitupu, bila kitambaa. Chiriku akacheka, akasema mjomba ana mikono ya koleo. Mjomba naye akacheka, ila moyoni aliogopa kweli kweli. Mtu ambaye mkate wake na jina lake vyote viko kwenye vidole, akisema vidole vimekufa, abaki na nini? Akanyamaza, akawa anachovya na kukisia. Na kila mara alipatia, kwa kuwa Chiriku alikuwa na mazoea ya kuiweka ndoo ya ute upande wa kulia.

Halafu ikaja siku Chiriku akaitwa kusaidia kupakia gari. Ndoo zikaletwa na mpakiaji mwingine, akazibwaga alivyozibwaga. Mzee Ute akachovya ya kulia, akasugua, akasema, "Huu."

Haukupita muda mrefu, fundi rangi akaja na mfuko wenye vipande vya ukuta. Alikuwa amelainisha vyumba vya zahanati mpya, na kuta zote zilikuwa zinabanduka. Alikibinya kipande mbele ya mwenye karakana, kikawa vumbi. Mwenye karakana hakutaka hadithi ndefu. Vidole vya Mzee Ute havikosei, na kutoa ndoo stoo ni kazi ya Chiriku, basi Chiriku ndiye aliyetoa chaki badala ya ute. Vua aproni, nenda nyumbani.

Wote walingoja Chiriku afoke. Hakufoka. Alimtazama mjomba wake, akamtazama tena. Mzee Ute akafungua mdomo, kisha akaufunga. Binti akaitundika aproni kwenye msumari, akatoka.

Jamani, kuna aibu nzito, sikatai. Lakini kumbebesha mtoto wa dada yako! Jioni ile dada mtu aliuliza kulikoni, mbona leo chiriku wake hana sauti. Chiriku akajibu amechoka tu, akaenda kulala bila kula. Mzee Ute chakula kilimshinda. Akalala akimlaani mwoga aliyekuwa ndani ya shuka lake mwenyewe.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mwenye karakana, mashine hazijawashwa.

"Yule binti hana kosa," alisema. "Vidole vyangu havisikii."

Mtu mmoja nyuma yake akacheka, akidhani ni ule utani wa siku zote. Ilibidi aseme mara ya pili ndipo kicheko kikafa. Mwenye karakana hakumfokea. Alisema atamtafutia kazi pale langoni, Chiriku arudi, na zile ndoo zipakwe rangi leo leo. La langoni Mzee Ute alilimeza. La rangi lilimkwama kooni.

Akarudi nyumbani, akamkuta Chiriku uani, anafua. Akamwambia ameitwa kazini. Binti hakuruka wala hakushangilia.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Nilijua, Mjomba. Tangu siku ya sufuria. Ulidhani ute ulikuwa unakaa kulia kwa bahati?"

Mzee Ute akaketi kwenye kizingiti. Akamuuliza kwa sauti ndogo, mbona jana hakusema, na mdomo anao.

"Nilikuwa nakungoja useme wewe," Chiriku alijibu. "Nikangoja mpaka nikafika langoni. Nikageuka, ukainama."

Ni kweli, Mzee Ute aliinama. Chiriku akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia tangu jana. Alilia mpaka akatulia, akajifuta povu la sabuni kwenye gauni, akaja akachuchumaa mbele ya mjomba wake, akamshika mkono na kuubana kwa nguvu zake zote.

Mzee Ute aliuona mkono wake umeshikwa. Kusikia, hakusikia.