Korosho za Utafiti Mezani

Kosa ni la mdomo wangu huu. Friji ya ofisi iliharibika, nikahamishia korosho changa za utafiti nyumbani kwangu Mjimwema, kila mfuko na kikaratasi chake. Nikamhutubia mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tunduru: "Mama, tunatafuta vinasaba vinavyoifanya korosho inayokua itengeneze viambata vya kulinda moyo." Si ningesema tu, "Usiguse"? Wapi! Usomi uliniwasha.

Jumapili bosi wangu akaja kula. Mchuzi wa nazi ulikuwa mtamu, nikaongeza mara mbili. Aliposhiba akasema, "Haya, nionyeshe sampuli."

Nikafungua friji kwa mbwembwe. Hakuna hata mfuko mmoja.

"Si ulisema zinalinda moyo, baba?" mama mkwe akasema. "Ndizo mlizokula. Vikaratasi vyake nimekutunzia."