Vyuma Vilivyosimama, Vyuma Vilivyolala

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio katika hospitali ya kanisa pale Kitale, na nilijiona bingwa. Tulizungumza na zahanati yetu ya Naitiri kwa simu ya upepo ya zamani: unabonyeza, unasema, unamaliza na “ova”, unaachia, ndipo umsikie mwenzako. Nikaletewa mitambo mipya ya kusema na kusikia kwa pamoja. Kila upande ulikuwa na antena mbili, ya kutuma na ya kupokea. Moja vyuma vyake vilisimama, nyingine vililala, ili zisisumbuane.

Naitiri nilimaliza Jumanne, nikarudi Kitale. Kwa kiburi changu nikang'oa na ile redio ya zamani. Jumatano mvua ikakata barabara. Mke wangu alikuwa amelazwa kulekule Naitiri, mimba ya kwanza, presha juu, na nesi alitakiwa kumsomea daktari wetu wa Kitale presha hiyo redioni kila asubuhi.

Alhamisi nikawasha mtambo wa Kitale. Kelele tupu. Nilikaza kila waya. Daktari alisimama nyuma yangu akitazama saa yake.

Fundi bomba wa hospitali, aliyekuwa akinishikia ngazi, akauliza, “Kwani huko Naitiri ile ya kutuma umeweka aje?”

“Imesimama.”

“Na hapa?”

“Imesimama pia. Nilitaka zifanane.”

“Sasa bana, kama huko inatoka imesimama, hapa si ya kupokea ndio ingesimama?”

Nilipanda mlingoti nikijitukana. Nikalegeza nati, iliyosimama nikailaza, iliyolala nikaisimamisha. Kabla sijashuka nikasikia sauti ya nesi ikitoka kwenye spika kule chini: “Daktari, nimekuita tangu asubuhi! Uchungu umeanza!”

Daktari aliongoza, nesi akajibu huku mikono yake ikifanya kazi, bila kubonyeza chochote. Mimi nilikaa chini ukutani nikiomba Mungu.

Mchana nikaitwa. “Mama yuko salama,” nesi akasema. “Ongea na binti yako.”

Nikaanza kusema, na katikati ya maneno yangu nikamsikia akilia. Kwa redio ile ya zamani nisingemsikia mpaka ninyamaze. Sikumbuki nilisema nini. Niliendelea tu kuongea, naye akaendelea kulia, na machozi yakanitoka mbele ya daktari.