Siku ya Muuguzi wa Akili

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja alimtunza mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, aliyesikia watu wasioonekana wakimwamrisha. Kilichowanyamazisha ni sindano, nayo ililetwa na muuguzi mmoja wa afya ya akili, anayehudumia wilaya nzima. Kwenye zahanati yetu hufika kila baada ya miezi mitatu, kwa nusu siku.

Siku hiyo Shangazi alikuwa akiamka na kazi. Alikuwa akimnyoa ndevu mdogo wake, akimvalisha shati jipya. Angeweza, angempiga pasi na yeye mwenyewe. Mwaka jana niliwasindikiza, nimebeba kadi ya kliniki.

"Ukianza habari za hao watu wako mbele za majirani," Shangazi alimwambia njiani, "nitakushona mdomo."

"Kwa uzi wa rangi gani?"

Tulicheka sote watatu.

Chumba cha muuguzi kilitengwa na foleni kwa pazia tu. Watu arobaini na kitu walikuwa wakisubiri, na wote walikuwa na masikio.

"Bado unasikia sauti?" muuguzi aliuliza.

Baba Mdogo akamtazama Shangazi. "Namsikia dada tu. Na huyu hanyamazi."

Nje ya pazia watu wakaangua kicheko. Muuguzi naye akatabasamu, akaandika kwamba amepata nafuu. Dawa ni chache, alisema, kwa hiyo sindano yake atapewa aliyezidiwa. Nilijua ukweli. Nilimngoja Shangazi aseme, naye hakusema.

Foleni ilipokwisha, alirudi ndani peke yake. Nilibaki penye pazia.

"Sista, nisamehe. Nilimfundisha mimi. Wiki nzima halali, anaongea na ukuta."

"Sasa mama, kwa nini hukusema?"

"Watu walikuwa wanasikia."

Muuguzi alifungua kisanduku cha dawa, akamwonyesha. Kilikuwa kitupu. "Nakuamini. Lakini ya mwisho nimeshamchoma mwenzake."

"Nikimpeleka hospitali ya wilaya?"

"Huko ndiko ninakotoka mimi. Mwenzangu alihama, hajaletwa mwingine. Nikiwa huku, kule utakuta mlango umefungwa." Nje gari lilipiga honi. "Mvumilie, mama. Miezi mitatu."

Shangazi alivumilia. Alihamishia kitanda chake mlangoni kwa mdogo wake, akafunga duka lake la ushonaji kila mchana ili amlishe kwa mkono, maana chakula alichopakuliwa na mwingine alikiita sumu. Wiki ya saba, asubuhi kweupe, Baba Mdogo alitoka kwenda msalani, hakurudi. Tuliuliza njia zote, vituo vyote, mpaka watu wakaanza kutujibu kabla hatujauliza.

Muuguzi aliporudi, Shangazi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kadi iliposomwa, aliitika yeye.

"Mgonjwa yuko wapi, mama?"

"Hayupo, sista. Ila mwandikie tu sindano yake, isije ikapewa mtu mwingine."