Cheo cha Kaka Yangu

Kaka yangu, ambaye ni padre, alipopewa cheo cha Monsinyori, mama alikuwa ameshaanza kukonda. Askofu alisoma tangazo kwenye misa ya Jumapili, kanisa letu la Changamwe likajaa vigelegele, na kina mama wa jumuiya wakamsindikiza mama hadi mbele. Kaka alikuwa amevaa kanzu nyeusi mpya yenye vifungo vya zambarau na mshipi wa rangi hiyo hiyo. Mama aliupapasa ule mshipi kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Nyumbani Mikindani, tukiwa tunakula, akamwuliza, "Sasa utapewa parokia ngapi?"

"Sipewi, mama. Ni heshima tu. Kazi yangu ni ile ile."

"Na unaweza kuamuru nini?"

Kaka alicheka. "Hata mpishi wetu hanisikilizi."

Mama hakucheka. Alidhani mwanawe anajishusha.

Miezi michache baadaye daktari alitwambia saratani ya ini imeshaenea, hakuna cha kupasua tena. Mama akalazwa. Wauguzi walipojua ni mama wa nani, walimhamishia kitanda cha dirishani, penye upepo. Zaidi ya hapo hawakuwa na la kumfanyia.

Jioni moja kaka alikuja moja kwa moja kutoka kwenye sherehe ya kipaimara, bado na mshipi wake kiunoni. Mama akamkamata mkono.

"Wewe sasa ni mkubwa. Waambie waniondolee haya maumivu, niende nyumbani."

"Nimewaambia, mama."

"Basi mwambie Mungu. Mimi nimemwomba hadi nimechoka. Wewe una cheo, atakusikiliza."

Kaka alitoa kichupa cha mafuta mfukoni. Nimemsikia akihubiri kwenye mazishi mengi, hakuwahi kukosa neno kabla ya siku hiyo. Alimpaka mama mafuta matakatifu ya wagonjwa, kisha akapiga magoti sakafuni na kulia kwa sauti. Mimi nilisimama pale na chupa ya uji, sijui nimshike nani kwanza.

"Mpe mwenzio kiti," mama akaniambia.

Alifariki wiki hiyo hiyo. Siku ya maziko, padre aliyeongoza misa alimwalika kaka aje ahubiri. Kaka alitikisa kichwa. Alikaa nasi kwenye benchi la wafiwa, kati yangu na mama mdogo, mpaka jeneza likatolewa nje.