Cheti Changu cha Ghorofani

Mwanangu, bado naikumbuka asubuhi ile askari waliponishika nikiwa na sare nyeupe ya uuguzi, pale Chepilat, siku ya soko, watu wote wakitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Sikuwa nimeiba wala kupigana na mtu. Kosa langu lilikuwa cheti.

Nilikuwa nimesomea uuguzi miaka miwili katika chuo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea. Mwenye chuo tulimwita Mkurugenzi, mtu wa suti na maneno matamu. Kudunga sindano tulijifunzia kwenye shina la mgomba. Wodi ya hospitali hatukuingia hata siku moja, na hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini.

Aliyeuliza ni Senge Rael, dada ya baba, muuguzi wa miaka mingi huko Kapkatet. Nilipompelekea cheti nikitarajia afurahi, alikigeuza mbele na nyuma.

"Hiki chuo kimesajiliwa na nani?"

"Senge, si unaona muhuri?"

"Muhuri hata mimi naweza kuchongesha. Nakuuliza, baraza la wauguzi linakijua? Uko na namba ya usajili?"

Nikamwambia ana wivu kwa sababu watoto wake hawakusoma. Naam, nilimwambia hivyo ndani ya nyumba yake, nikinywa chai yake.

Kliniki moja ya mtu binafsi ikaniajiri bila maswali. Mwezi wa tatu, mama mmoja mchuma chai alileta mtoto mwenye degedege. Nilisimama na sindano mkononi, sijui nipime dawa kiasi gani. Nikakisia. Mtoto akalegea. Mama alimnyakua, akadandia lori la majani chai hadi Kapkatet, na aliyempokea huko alikuwa Senge. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Senge akauliza ni nani aliyempa ile dawa, akatajiwa jina langu. Akaniripoti polisi yeye mwenyewe.

Mahakamani nilisomewa shtaka la kufanya kazi ya uuguzi bila usajili. Nikamnyooshea hakimu cheti changu. "Hii ni karatasi tu, binti," akasema. Nikapewa kifungo cha nje: miezi sita ya kufagia uwanja wa ofisi ya chifu, wasichana niliosoma nao shuleni wakipita na vikapu vya chai wakinicheka.

Na Mkurugenzi je? Kule ghorofani sasa kulikuwa na saluni! Alikuwa amehamia mji mwingine, kwa jina lingine, kudanganya watoto wa watu wengine. Mimi na ufagio, yeye na suti yake. Mpaka leo nikiwaza hayo hasira hunipanda.

Senge nilimnunia, hadi alipokuja kunitafuta kwa chifu. "Ningenyamaza, ungeua mtoto wa mtu," alisema. "Ukimaliza hapa, twende nikuonyeshe chuo cha kweli."

Nilianza upya, mwaka wa kwanza, na vijana waliotoka sekondari juzi. Ile miaka miwili haikuhesabiwa. Kila nilipoomba kazi, hukumu yangu ilitokea kwenye cheti cha tabia njema cha polisi, nami nikaanza kujieleza. Nilifika wodini, nikastaafu muuguzi halali, lakini wa rika langu walinitangulia kwa vyeo vyote.

Juzi nimeona tangazo la chuo cha aina ile ile limebandikwa kwenye nguzo ya stima Silibwet. Nimelichana!

Kwa hivyo nisikilize. Kabla hujajiandikisha chuo chochote, nenda mwenyewe kwa ofisi ya serikali inayosimamia vyuo, uulize kama hicho kinatambuliwa, na kozi yenyewe pia. Kisha uliza baraza la taaluma yako kama litakusajili ukimaliza. Usimuulize mwenye chuo, yeye atasema ndiyo. Wakikwambia barua ya usajili bado inakuja, ondoka. Kama tayari uko ndani, toka leo, wala usione haya. Na anayekuuliza swali gumu usimtukane, huenda ndiye pekee anayekupenda.

Mungu akubariki, akupe kazi ambayo hutaogopa mtu yeyote akibisha hodi na kukuuliza wewe ni nani.