Mtani Aliyeniamkia Korongoni

Usiku ule nilikuwa nimekula maharage mengi, nisikufiche, na mke wangu Veronika alikwisha kunionya kwamba mtu wa umri wangu hali maharage usiku. Kwa hiyo ukitaka kusema ndoto hii ilitoka tumboni, sema. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, sijui ndoto hutoka wapi. Ninachojua ni kwamba nilimwona Jumanne, na Jumanne tulikuwa tumemzika. Yaani, walimzika. Mimi sikuwepo, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Jumanne alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alifuata kazi ya mkonge huku Morogoro, akaoa, akabaki. Mimi ni Mluguru wa mlimani. Sisi na wao ni watani, na mtani hana adabu kwako wala wewe kwake. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Miaka mingi tulipandisha wageni pamoja, kwenye misitu na makorongo na maporomoko ya maji, mimi mbele na panga, yeye nyuma na mizigo. Salamu yetu ya asubuhi ilikuwa hii:

"Wewe Mluguru, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi! Ukishuka tambarare si unazunguka duara tu?"

"Nyamaza, mpagazi. Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani, wewe unabeba mabegi ya watu mpaka mlimani. Ukoo mzima mnazaliwa na ngata kichwani."

Wageni walidhani tunagombana. Kuna mama mmoja aliwahi kutukalisha kwenye jiwe atupatanishe, na sisi tukakaa, tukapatanishwa, tukapeana mikono. Tulicheka wiki nzima.

Sasa, mtani ana kazi yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea na kukohoa, anaingia kaburini na kugoma kutoka, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Mimi na Jumanne tulikwisha ahidiana, siku moja tukiwa chini ya maporomoko tunakula mihogo, kwamba atakayebaki ndiye atakayeingia kwenye kaburi la mwenzake.

"Lakini unawe miguu kwanza," aliniambia. "Siendi kulala pachafu."

Siku aliyokufa nilikuwa na wageni wanne, vijana wa Dar es Salaam. Tulipotokeza kwenye mgongo wa mlima simu ikapata mtandao, ikalia. Alikuwa Mwanahawa, mke wa Jumanne.

"Shemeji, mwenzio ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya alasiri. Wanakungoja wewe."

Nikasema nakuja. Nikafika magharibi, kaburi limeshafukiwa. Nikawaambia watu mvua imenyesha huko juu, mto ukajaa, nikakwama ng'ambo. Wakanipa pole. Mwanahawa alisema neno moja tu, bila kuniangalia.

"Amezikwa kama mgeni, shemeji. Hakuna aliyecheka."

Tangu hapo nikawa nazunguka kwa njia ya mbali nisipite mbele ya nyumba yake. Masika yote yakaisha hivyo.

Basi, ndoto.

Nilijiona napanda njia ya korongoni, mchana, jua limetulia kwenye migomba ya mwisho kabla msitu haujaanza. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa, mara mbili za haraka, na ya tatu ikichelewa. Hakuna mtu mwingine aliyekohoa hivyo duniani. Sikugeuka mara moja. Nilitengeneza tusi langu kwanza, nikaliweka sawa mdomoni, ndipo nikageuka.

"Mpagazi! Kumbe hata huko wamekuchoka?"

Jumanne amesimama pale na shati lake la drafti, mikono ameikutanisha mbele kama mtoto wa shule. Anainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Miaka yote ile Jumanne hakuwahi kuniamkia hata kwa bahati mbaya. Angenitukania ukoo wangu wote ningeona nafuu. Sikuitika marahaba, maana kuitika ni kukubali. Nikamtazama miguuni, amevaa zile yeboyebo zake za bluu, moja imeshonwa kwa uzi wa kiroba. Yeboyebo zile nilizikejeli miaka nenda miaka rudi, na sasa natafuta la kusema juu yake, sina.

Tunapanda. Msitu umefunga juu yetu. Mbega wamekaa kwenye matawi, weusi kwa weupe, kimya, kama watu wa msibani waliokosa nafasi ndani. Korongo linabana kila tunapokwenda, kuta zake zinatoka jasho, na mbele maji yanaanguka kutoka juu kabisa, marefu, meupe, lakini hayana sauti. Nimeyasikia maporomoko yale tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na leo hayasemi.

"Jumanne," nasema, "mbona maji yamenyamaza?"

"Sijui, mzee."

Mzee tena.

Mara hatupandi, tunashuka. Mabegi ya wageni yako mgongoni mwangu na yeye yuko mbele ameshika panga langu. Sikuuliza, ndotoni huulizi. Tukafika kwenye kivuko. Ng'ambo wamekaa watu kwenye mikeka, Mwanahawa katikati amejitanda kanga, na mbele yao shimo limechimbwa, udongo mwekundu umelundikwa pembeni. Wote wanatazama upande wetu. Wanangoja.

Jumanne anaingia mtoni. Anafika katikati, anasimama, anageuka. Maji yako magotini.

"Mzee, mto ni huu?"

Navuta mikanda ya mabegi.

"Huu ndio uliojaa?"

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana hata padre sijamwambia. Mvua ilinyesha kweli huko juu na maji yalipanda kweli, lakini yalinifika magotini. Mto huohuo nimewahi kuuvuka maji yakiwa kiunoni na mgeni nimembeba. Siku ile, baada ya simu ya Mwanahawa, sikugeuka kushuka. Niliwaambia wale vijana twende kwanza mpaka kwenye maporomoko, nikawaacha wapige picha, wakaoga, wakaanika nguo, na mimi nimekaa kwenye jiwe natafuta mzaha wa kumfanyia Jumanne amelala ndani ya sanda. Sikupata hata mmoja. Tuliposhuka nikawakalisha kivukoni, nikasema hatari, tungoje maji yapungue. Wao watajuaje? Watoto wa maji ya bomba wale. Tukangoja mpaka jua likalala.

Nikamwambia hayo yote Jumanne, mimi huku, yeye katikati ya maji. Ndipo nikamalizia.

"Niliogopa nitalia. Mtani anayelia msibani ni kitu gani?"

Kisha uso wake ukaanza kujikunja upande mmoja, vile ulivyokuwa ukijikunja kabla hajanimaliza mbele ya wageni.

"Ungelia, Mluguru. Na Mwanahawa angekucheka."

Akakohoa mara mbili, ya tatu ikachelewa.

"Nenda kwake. Usimpelekee pole. Zimejaa nyumba nzima, hana pa kukaa."

Akavuka. Nikaanza kumfuata na mabegi mgongoni, na hapo sauti ya maporomoko ikaja yote kwa mara moja, kama mlima umeangushwa.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anawika, Veronika amekaa kitandani ananishangaa.

"Unamwita nani mpagazi saa hizi?"

Nikamsimulia ndoto, mwanzo mpaka mwisho. Hata ule mto. Alinisikiliza huku anafunga kitambaa chake kichwani, hakuonyesha kushtuka.

"Nilijua," akasema. "Suruali yako ilikuwa imelowa mpaka magotini tu. Juu kavu. Si mimi niliyeifua?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, baba Anjela? Ulikuwa umeshajiumiza mwenyewe."

Akainuka, akaniletea shati. Nikauliza kama tuna sukari ya kubeba, au hata kahawa, maana mtu haendi kwa mjane mikono mitupu. Akaniambia nisijifiche nyuma ya sukari.

Nikatoka. Safari hii nikashika njia fupi. Kabla sijafika kwenye ua wa Mwanahawa machozi yalikwisha anza, ya mzee mzima, na makamasi juu yake. Nilimwona amekaa kibarazani anachagua mchele, akainua kichwa, akanitazama. Sikujifuta.