Betri Nzito ya Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameacha sigara miezi mitatu, akivuta kifaa kidogo cha mvuke chenye betri ya kuchaji. Betri ilipokufa alinituma Meru mjini, kwa kuwa mimi ndiye hodari wa kupatana bei.

Karibu na soko la Gakoromone, muuzaji aliniwekea betri mbili mkononi. "Chukua hii nzito, mzee. Namba ya chaji iliyoandikwa juu yake ni ndogo, lakini inatoa stima nyingi kwa mara moja bila kuchemka. Hiyo nyepesi ni ya tochi."

"Namba ndogo, bei kubwa? Unaniuzia ndizi moja kwa bei ya mkungu?"

Nikachukua nyepesi, nikadai nyongeza kama ninayopewa kwa nyanya. Akaniongeza ya pili, akicheka. Nilirudi nyumbani Kanyakine nikijisifu.

Zote mbili zilichemka hadi kifaa kikashindwa kushikika. Kaka hakunilaumu. Aliagiza sigara dukani siku hiyohiyo, na hakuziacha tena.

Kifua kilipomuua na tukamzika, nilikikuta kifaa kwenye koti lake, kimefungwa vizuri ndani ya leso. Nikakipeleka kwa yule muuzaji, nikaomba betri nzito.

"Leo hutaki nyongeza, mzee?"

Nililipa alichosema. Taa ya kifaa ikawaka, na hakikuchemka.